Bi Kobe Ahamia Ng'ambo

Tega sikio, na kama una blanketi jifunike kabisa, maana hadithi hii inaanzia kwenye baridi.

Palikuwa na nchi ikiitwa Kivulini, na jina hilo haikupewa bure. Upande wake wa mashariki ulisimama mlima mrefu uliolizuia jua karibu asubuhi nzima. Nyuma ya mlima palikuwa na pwani nyembamba, kisha maji; na kusini, na magharibi, yalikuwa maji matupu. Kipupwe kilipoingia, nyani walikohoa msitu mzima, na hata Simba, aliyejiita asiyetishwa na kitu, alitoka pangoni mkia ukiwa umefichwa katikati ya miguu, akadai ameuweka hapo makusudi.

Lakini hakuna aliyeteswa na kipupwe kama Bi Kobe. Wenzake walikuwa na manyoya. Yeye alikuwa na gamba, na gamba likishapoa ni sawa na kulala ndani ya chungu cha maji. Tena kazi yake ndiyo ilimweka kwenye baridi kuliko wote.

Bi Kobe alikuwa mtunga sifa wa Mfalme. Usiidharau kazi hiyo. Simba alikuwa na majivuno kiasi kwamba hakuweza kunguruma asubuhi kabla hajasifiwa, koo lilikataa. Na asiponguruma, swala hawajui wakimbilie wapi, pundamilia hawajui kama kumekucha, nchi nzima inabaki imeduwaa. Kwa hiyo kila siku sifa zilitakiwa zifike kabla jua halijagusa Jiwe la Ngurumo, pale Mfalme anaposimama. Na zilikuwa na sharti moja: ziwe mbichi. Mtunga sifa alipaswa kwanza alione jua la siku ile kwa macho yake, ndipo atunge. Sifa zilizotungwa jana Simba aliziita kiporo, na kiporo, alisema, ni chakula cha raia.

Ndiyo maana pango la mtunga sifa lilikuwa juu kabisa, kwenye pengo la mlima, ambako jua hupenya mapema. Bi Kobe akiliona tu, huandika kwa ukucha kwenye kipande cha jani la mgomba, na Njiwa hukibeba hadi bondeni na kukisoma kwa sauti. Pengo hilo lilipitisha jua, na lilipitisha pia upepo wote wa kipupwe.

Mwaka uliotangulia Bi Kobe aliganda katikati ya sentensi. Aliandika "Ewe Simba, ambaye" akalala hapo hapo, siku mbili nzima. Njiwa wa watu alilipeleka jani lilivyo, akasoma "Ewe Simba, ambaye", akanyamaza. Mfalme alisubiri kinywa wazi mbele ya raia wake mpaka mdudu akaingia.

Basi mwaka huu, siku ya kwanza alipoona umande umekuwa mweupe, Bi Kobe alifunga safari hadi kwa Simba.

"Mfalme, nimekuja kuomba ruhusa," alisema. "Kipupwe hiki nikikaa pale pengoni, hamtaniamsha tena. Nataka nikaishi ng'ambo, mahali penye joto, niwe natunga kutoka huko. Njiwa ataleta."

"Ng'ambo!" Simba alishtuka. "Mtunga sifa wangu akae mbali nami? Atapata wapi la kusifu?"

"Mfalme, kwa karibu hutoshi machoni. Ukitazamwa kwa mbali ndiyo mtu anakuona mzima."

Simba alilitafakari jibu hilo na akaona lina ukweli mwingi.

"Nenda," alisema. "Mimi nahitaji sifa, sihitaji gamba. Nakupa siku saba za kuzoea. Asubuhi ya nane nitawaita raia wote Jiweni. Sifa zikiwa mbichi na zikafika kabla ya jua, kazi ni yako hata ukikaa mwezini. Zikichelewa, nampa Fisi."

Fisi alikuwa akiiomba kazi hiyo miaka nenda rudi, na si kwa kupenda mashairi. Mtunga sifa hupewa paja katika kila windo la Mfalme. Bi Kobe hali nyama, kwa hiyo mapaja yote alimpelekea Bi Mbweha, mjane mwenye watoto sita. Jambo hilo Fisi hakulistahimili. Alikuwa akikaa njiani kuyatazama mapaja yakipita, udenda ukimtoka.

Bi Kobe alitoka kwa Mfalme. Kazi ile alikuwa ameifanya tangu gamba lake likiwa laini. Hakujua nyingine, wala hakuitaka nyingine. Akawawaza pia wale watoto sita, ambao kila wakimwona huja kumpanda mgongoni kama vile ni kilima cha kuchezea. Akajiambia, nikikosea mahali nimekosea kila kitu.

Bi Kobe alipokuwa bado anateremka polepole, Fisi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya kichaka, alikuwa ameshafika kwa Sungura.

Sungura alikuwa dalali wa makazi ya ng'ambo. Hakuwa na nyumba, hakuwa na shamba, lakini mahali popote ulipopataja alikuwa na funguo zake mdomoni.

"Ndugu yangu," Fisi alihema, "yule bibi anakuja kwako. Mpeleke mahali ambapo sifa zake zitachelewa."

"Na mimi?"

"Wewe utachukua shamba la karanga la mtunga sifa. Mimi karanga za nini?"

Sungura alikuna sikio moja, kisha la pili. "Basi mhesabu ameshachelewa," alisema.

Bi Kobe alipofika, alikaribishwa kwa heshima zote. Sungura alimfutia vumbi kwenye gamba na kumwekea jani laini la kukalia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa! Nimeota utakuja. Unataka joto?"

"Marahaba. Nataka joto, lakini nataka na kazi yangu ifike. Hilo ndilo kubwa."

"Umekuja penyewe. Ninayo sehemu, lakini nakwambia kweli, kuna mwenzako anaiulizia tangu juzi. Nimemzungusha tu kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe."

"Nimesikia habari za Pwani ya Mawio, nyuma ya mlima," alisema Bi Kobe.

Sungura alikunja uso kama aliyeuma ndimu. "Mawio! Kwa hadhi yako? Pale ni mchanga kwenye chakula, mchanga kwenye macho, na nyani wasio na adabu. Achana na Mawio. Mahali pako ni Ufuko wa Machweo, ng'ambo ya magharibi. Niulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Jua linakwenda wapi kila jioni?"

"Machweo."

"Linalala wapi?"

"Huko huko."

"Haya, sasa niambie wewe mtu mzima. Mahali ambapo jua lenyewe linalala, kila siku, tangu dunia iumbwe, patakosaje joto? Mchanga wa pale hauwahi kupoa!"

Mtu wa nchi nyingine angecheka. Lakini Bi Kobe alikuwa mzaliwa wa Kivulini, ambako jua huonekana kwa shida asubuhi na kuagwa kwa huzuni jioni, na watoto hulala wakiimbiwa kuhusu huko liendako. Maneno yale yalimwingia yote. Alijiona tayari amelala pale jua lilipoacha joto lake.

"Na Njiwa atafika mapema?" aliuliza, maana bado akili ilikuwapo.

"Ni maji matupu toka huko mpaka hapa. Hakuna hata mti mmoja wa kumchelewesha."

"Na wewe mwenyewe ulipokaa huko, ulipaonaje?"

"Mimi?" Sungura alitazama mbali kwa macho ya mtu anayekumbuka. "Nilikaa mpaka wenyeji wakanizoea. Siku ya kuondoka walilia."

Bi Kobe akapachagua Machweo.

Kuvuka maji kulikuwa na njia moja tu, nayo ni mgongo wa Kiboko. Kiboko alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini Bi Kobe alimtungia sifa fupi kuhusu upana wake, akalainika. Walipofika katikati ya maji aliuliza, "Bibi, nani kakuelekeza Machweo?"

"Sungura. Alikaa huko mpaka wakamzoea."

Kiboko alicheka mpaka maji yakamwingia Bi Kobe puani. "Sungura? Huyo hata akija kunywa anafumba macho! Hapa anayevusha ni mimi peke yangu, kama alivyovusha baba yangu. Mgongo huu haujawahi kukanyagwa na Sungura."

Bi Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, akabaki humo muda mrefu. Alijiona mjinga. Alikuwa ameuliza maswali yote mazuri, na yote amemuuliza muuzaji.

Hata hivyo, kwa upande wa joto Sungura hakudanganya. Machweo palikuwa na joto la kumlainisha mtu mpaka kwenye kucha. Siku ya kwanza Bi Kobe alilala mchangani, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, kisha ile mingine miwili aliyokuwa hajaisikia tangu kipupwe cha mwaka juzi. Asubuhi alipoliona jua likichomoza juu ya maji, maneno yalimtoka yenyewe. Alijaza jani zima kabla Njiwa hajamaliza kujinyoosha.

"Nenda, mdogo wangu," alisema, "na leo Mfalme atalia."

Njiwa alirudi mchana, manyoya yamegeuka nyuma mbele. "Dada, Mfalme hakulia. Nimemkuta ameshakunja uso, jua limeshakaa Jiweni. Kuna upepo unashuka kutoka mlimani kila asubuhi, unanipiga usoni njia nzima. Narukia mbele, narudi nyuma."

"Basi kesho nitakuandikia jani dogo, upate wepesi."

Kesho yake aliandika maneno matatu tu: "Simba ni mkubwa." Njiwa akachelewa vilevile. "Na tena," alisema aliporudi, "Mfalme kauliza, basi? Nimepungua lini?"

Siku ya tatu Njiwa aliondoka bila kunywa maji, na akarudi akiwa analia. Bi Kobe alimfokea. Alimwita mvivu, akamwambia njiwa wa zamani waliruka kwa mabawa, si kwa visingizio. Kisha aliyatazama yale mabawa, jinsi yalivyokuwa yakitetemeka, akaona aibu ikampanda mpaka shingoni.

"Nisamehe," alisema. "Njoo ukae hapa kwenye joto. Kosa si lako wala si la jani. Kosa ni mahali. Hebu tufikirie. Mimi nikiliona jua hapa, linachukua muda gani kufika Jiweni?"

Njiwa alifikiri. Kivulini muda ulipimwa kwa chungu cha maharage. "Hata nusu chungu haifiki. Maharage bado ni mawe."

"Na wewe unaruka kwa muda gani?"

"Chungu kizima, mpaka yameiva na kuungwa."

"Basi hata ungekuwa tai tusingeweza," alisema Bi Kobe. Fikra zake zilikuwa kama miendo yake, hazikuwa na haraka, lakini hazikurudi nyuma. Ni nani anayeliona jua kabla ya wote? Kivulini hulipata mwisho kwa sababu ya mlima. Mlima huo huo uliomgandisha maisha yake yote unalishikilia jua upande wa pili. Wakati Simba bado anasubiri kivulini, kule nyuma watu wameshaanika nguo.

"Njiwa," alisema, "umewahi kufika Pwani ya Mawio?"

"Dada, nimezaliwa huko."

"Umezaliwa huko na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kumuuliza Sungura."

Bi Kobe alimeza hilo. "Haya, sasa nakuuliza. Jua likitoka Mawio, linafika Jiweni baada ya muda gani?"

"Kipupwe hiki? Chungu kizima na nusu. Na upepo wa kule unakuja toka majini, unakusukuma mgongoni."

"Pana joto?"

"Lipo. Si kama la hapa, lakini huwezi kuganda."

"Na kasoro zake?"

"Ni nyingi," Njiwa alisema bila kusita. "Nyani wana kelele kila adhuhuri, na wataiba kila utakachoacha nje. Maji ya kisima yana chumvi kidogo. Mchanga utaula kweli, Sungura kwa hilo hakusema uongo. Na kuna bibi mmoja Kanga, jirani yetu, akianza kukusimulia habari za ukoo wake hutaondoka mpaka jua lizame."

Bi Kobe alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu azame kwenye gamba lake katikati ya maji. Machweo, kwa maneno ya Sungura, hapakuwa na kasoro hata moja. Mawio ilikuwa na nyani, chumvi, mchanga na Bibi Kanga. Hapo akajua kwamba Mawio ni mahali pa kweli na kwamba mtu anaweza kuishi huko.

"Kamwite Kiboko," alisema. "Na kule Kivulini usimwambie mtu."

Kiboko alinung'unika, akadai sifa ndefu kuliko ile ya kwanza, akapewa. Waliizunguka nchi yote kwa upande wa kusini, mchana wanaogelea, jioni wanapumzika kwenye matete. Siku hizo za safari Bi Kobe alitunga juu ya mgongo wa Kiboko, herufi zikienda mrama, na Njiwa alichelewa kila siku. Kule Kivulini Sungura na Fisi waliona jinsi anavyochelewa, wakapeana mikono. Fisi alishaanza kutembea na kitambaa cha kufutia midomo.

Jioni ya siku ya saba Kiboko alimteremsha Bi Kobe kwenye mchanga wa Mawio. Bibi Kanga alikuwa amesimama pale pale majini akimsubiri mgeni. Ilibidi Bi Kobe amwambie kwa heshima zote kwamba habari za ukoo atazisikia kesho kutwa, na zote, tangu babu wa kwanza.

Asubuhi ya nane ikafika. Bi Kobe alikuwa macho kabla ya mwanga, shingo yote nje. Jua lilitoka majini jekundu, kubwa, likiwa bado na usingizi. Aliandika mistari michache, akaisoma mara moja, akampa Njiwa.

"Ruka, mdogo wangu. Ukichelewa ni mimi nimechelewa, si wewe."

Njiwa alipaa, upepo ukamchukua mgongoni, akawa nukta, kisha akawa si kitu. Bi Kobe alibaki na kusubiri. Alikula jani moja akasahau kulitafuna. Nyani walipita na kumwibia jani la kuandikia, hakugeuka. Mara aliwaza watoto wa Bi Mbweha, mara aliwaza pango lile lenye upepo, mara akajiuliza kile chungu kizima na nusu ni cha maharage ya aina gani, maana hakuuliza. Jua lilipanda mpaka utosini. Bibi Kanga mwenyewe, alipomwona alivyo, alikaa pembeni yake bila kusema neno, jambo ambalo Mawio hawakuwahi kuliona.

Alasiri nukta ikatokea juu ya mlima. Ilikuwa inaruka huku inapinduka angani, na Bi Kobe hakujua kama hiyo ni furaha au ni kizunguzungu.

"Sema!" alipiga kelele kabla Njiwa hajatua.

"Ngoja nitue! Jambo hili halisemwi hewani." Njiwa alitua, akanywa maji ya chumvi kidogo, akajipangusa. Na alichosimulia ni hiki.

Raia wote walikuwa wamejaa Jiweni. Ukungu ulikuwa mzito, pua ya mwenzako huioni. Sungura alikuwa akizunguka kila kundi akijisifu: "Bi Kobe nimemtafutia mahali mimi. Pazuri kupita pote! Akishindwa kazi, basi ni uzee." Simba alikuwa juu ya Jiwe, koo limemkaza.

Fisi hakuweza kusubiri. Alipanda Jiweni mbio. "Mfalme, jua limeshafika! Halionekani tu kwa sababu ya ukungu. Bi Kobe amechelewa. Sifa zako ninazo mimi, mbichi, nimezitunga sasa hivi!"

"Soma," alisema Simba, ambaye kwa kweli alikuwa na kiu ya kusifiwa.

Fisi alitoa jani mdomoni. Lilikuwa limenyauka na kujikunja, na pembeni lilikuwa limeng'atwang'atwa, maana Fisi hawezi kukaa na kitu mdomoni asikionje. Akasoma: "Ewe Mfalme, leo jua limewaka na anga ni safi."

Raia wote walitazama ukungu.

"Endelea," alisema Simba taratibu.

"Wewe ni mkubwa kama..." Fisi aligeuza jani huku na huku.

"Kama nini?"

"Hapo pameliwa, Mfalme."

Kabla Simba hajafungua kinywa, Njiwa alitoboa ukungu, akatua miguuni pake na jani la kijani kibichi, ukingoni lina chembe za mchanga. Akasoma:

"Leo jua limeamka jekundu, likauliza njia ya kwenda kwa Simba. Mawingu yakasema, tulia kwanza. Likajibu, nipisheni, nimechelewa. Yule aliyevaa nywele zangu ananisubiri."

Ukungu ukafunguka. Juu ya mlima jua lilikuwa linachungulia, na kweli lilikuwa jekundu. Mwanga uliteremka ukagusa Jiwe, kisha miguu ya Mfalme, kisha nywele zake zote zikawaka. Simba alinguruma ngurumo ambayo ilidondosha maembe mabichi. Pundamilia waliangua kilio cha furaha bila kujua kwa nini.

"Haiwezekani!" Sungura alijikuta anapiga kelele. "Kutoka Machweo hawezi kufika kabla ya jua! Hakuna njia! Nilipima mwenyewe!"

Simba aligeuza kichwa kikubwa polepole. "Ulipima," alisema. "Ulijua kwamba hafiki, na ukampeleka."

Sungura alitazama kulia, akatazama kushoto. Aliyekuwa na la kusema ni Fisi. "Mimi nilitaka paja tu, Mfalme! Jani kaniandikia yeye, jana! Yeye alitaka karanga!"

Hapo Bi Kobe alicheka mpaka akalala chali, na ilibidi Njiwa na Bibi Kanga wasaidiane kumgeuza.

"Na hukumu?" aliuliza akiwa bado anafuta machozi.

"Fisi kila asubuhi atasimama Jiweni tangu alfajiri, kwenye baridi hiyo hiyo, kutazama kama mimi ninakuja. Na akiniona ndiye anapaza sauti ya kunikaribisha. Paja linakwenda kwa Bi Mbweha kama kawaida, na linapita mbele ya macho yake."

"Na Sungura?"

"Mfalme amesema hakuna tena kumuuzia mtu mahali ambapo muuzaji hajalala. Sungura atakaa kipupwe kizima katika kila ng'ambo aliyowahi kuisifu au kuiponda, moja baada ya nyingine. Nimempita njiani."

Siku nane baadaye, Bi Kobe akiwa mchangani anaota jua, Kiboko alitokea majini akiwa amejaa furaha. Mgongoni alikuwa na Sungura, macho yamefumbwa, masikio mawili marefu yameloa chapachapa, ameng'ang'ania shingo ya Kiboko kwa miguu yote minne. Kiboko alijitingisha kidogo tu, na Sungura akajikuta amekaa mchangani, anatema maji. Nyani walikuwa wameshaanza kumzunguka kuangalia ana nini cha kuibwa. Bibi Kanga alikuwa anakuja mbio, mkufu wa maneno tayari mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Sungura kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Sungura alisogea karibu, akatazama nyuma, akanong'ona. "Nakuomba uniambie ukweli. Pakoje huku? Usiku kuna baridi? Maji yananyweka? Hawa nyani wanauma?"

Bi Kobe alisogea kidogo ampishe kwenye mchanga wenye joto, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya. Alitafuna jani lake mpaka likaisha, akameza.

"Mimi nitajuaje, mwanangu?" alisema. "Dalali ni wewe."